Maji, Gurudumu na Miguu: Kwa Nini Watu Hujitosa Katika Triathloni?



Mwalimu mlezi wa chama alinipa kazi ya kuandika makala ya somo kuhusu mchezo. Sharti lake lilikuwa moja tu: usiwe kandanda. Anasema kandanda imeandikwa katika gazeti letu mpaka wino umeichoka. Basi nikachagua triathloni. Nilipoitaja darasani, Kidato cha Tatu kizima kiliangua kicheko na mmoja akauliza kama hiyo ni dawa ya malaria. La hasha, si dawa. Ni mchezo, tena mchezo ambao ukikaa hapa Takawiri ukaufikiria vizuri, utaona kwamba mahitaji yake yote yako mlangoni petu, ila moja tunaliogopa.

Neno lenyewe lina asili ya Kigiriki: tatu, na shindano. Mshiriki huogelea, akitoka majini hupanda baiskeli, akishuka kwenye baiskeli hukimbia kwa miguu. Hakuna kupumzika katikati. Hata wakati anapovua kofia ya kuogelea na kufunga kamba za viatu, saa inahesabu tu. Katika Michezo ya Olimpiki, ambako triathloni iliingizwa mara ya kwanza mjini Sydney mwaka wa 2000, masafa ni kilomita 1.5 majini, kilomita 40 kwa baiskeli na kilomita 10 kwa miguu. Chamani tulibishana sana juu ya jina la Kiswahili. Wengine walitaka "mashindano ya michezo mitatu", lakini hilo laweza pia kuwa voliboli, netiboli na riadha siku moja. Mwisho tukakubaliana tuseme triathloni, kama vile tunavyosema baiskeli bila mtu kulalamika.

Sasa turudi kwenye swali. Kwa nini mtu mwenye akili timamu, aliye na kwake na chakula chake, aamue kujichosha mara tatu siku moja? Hapa kwetu mama anayebeba karai la samaki kichwani huchoka kwa sababu watoto wanangoja karo. Mvuvi wa omena hukesha na taa zake usiku usio na mwezi kwa sababu omena hawaji mchana. Hao tunawaelewa. Lakini huyu anayelipa pesa ili achoke, jameni, anatafuta nini?

Jawabu la kwanza linapatikana katika historia ya mchezo wenyewe. Katika miaka ya 1970 kule San Diego, Marekani, kulikuwa na chama cha wakimbiaji. Mkimbiaji, kila anapotua mguu chini, goti na kifundo hupokea uzito mkubwa kuliko uzito wake wa kawaida, na akizidisha mazoezi huumia. Wengine walianza kuogelea na kuendesha baiskeli ili wabaki na pumzi huku viungo vikipona, maanake maji humbeba mtu na baiskeli pia humbeba mtu. Tarehe 25 Septemba 1974, Jack Johnstone na Don Shanahan wa chama hicho waliandaa shindano la mchanganyiko huo katika Mission Bay. Watu 46 walimaliza. Ilikuwa jioni, giza likaingia wengine wakiwa bado majini, ikabidi magari yawashe taa kuwamulikia njia ya nchi kavu. Niliposoma hapo nilitabasamu, kwa sababu taa juu ya maji usiku ni jambo ambalo kila mtoto wa kisiwa hiki analijua tangu mgongoni mwa mamake.

Jawabu la pili ni ubishi. Naam, ubishi mtupu, kama ule wa bwenini taa zikizimwa. Miongoni mwa waliokuwa Mission Bay siku ile walikuwa John Collins, afisa wa jeshi la wanamaji, na mkewe Judy. Baadaye walihamia Hawaii, na mwaka wa 1977 katika hafla ya kutoa tuzo za mbio, watu wakaanza kubishana: nani mwenye siha zaidi, muogeleaji au mkimbiaji? Collins akaongeza kuni motoni kwa kumtaja Eddy Merckx, mwendesha baiskeli wa Ubelgiji. Kisha akapendekeza kwamba mashindano matatu makubwa ya kisiwa cha Oahu yaunganishwe yawe moja: kuogelea kama kilomita 3.9, baiskeli kilomita 180, halafu marathoni nzima ya kilomita 42.195. Atakayetangulia ataitwa "Mtu wa Chuma". Tarehe 18 Februari 1978 watu 15 walianza, 12 wakamaliza, na wa kwanza alikuwa Gordon Haller kwa saa 11, dakika 46 na sekunde 58. Aliyekuwa akimfuata, John Dunbar, aliishiwa na maji ya kunywa njiani na wasaidizi wake wakampa bia. Mwalimu wa Sayansi ameniomba nieleze kwamba bia haikumsaidia, nami nimeeleza.

Collins alikuwa amewaahidi washiriki kwamba mwenye kumaliza atajivunia maisha yake yote. Mimi naona hapo kuna ukweli. Watu wengi hawaingii triathloni ili washinde. Mshindi ni mmoja na kila mtu anajua si yeye. Huingia ili wamalize. Mwaka wa 1982 mwanafunzi mmoja wa chuo, Julie Moss, aliingia shindano la Hawaii kwa sababu ya utafiti wa masomo yake. Akaongoza wanawake wote mpaka karibu kabisa na mwisho, kisha miguu ikamkatikia. Akaanguka, akainuka, akaanguka tena. Kathleen McCartney akampita hatua chache kabla ya utepe. Moss akaumaliza mwendo uliobaki kwa kutambaa kama mtoto mchanga, sekunde 29 nyuma ya mwenzake. Picha hizo zilionyeshwa kwenye televisheni, na ajabu ni kwamba watu hawakuogopa. Wengi walioona msichana akitambaa walikwenda wakajiandikisha! Ukitaka kujua binadamu ni kiumbe wa namna gani, anzia hapo.

Wako pia wanaoingia kwa sababu ya umri, au tuseme kwa sababu ya kuukatalia umri. Sista Madonna Buder, mtawa wa Marekani aliyezaliwa mwaka wa 1930, alianza kukimbia akiwa na miaka 48 baada ya padri kumshauri. Triathloni yake ya kwanza aliifanya akiwa na miaka 52. Mwaka wa 2012, akiwa na miaka 82, alimaliza lile shindano refu la Mtu wa Chuma nchini Kanada kabla ya saa 17 zinazoruhusiwa kuisha. Waandaaji walilazimika kufungua makundi mapya ya umri, kwa kuwa kabla yake hakuna mwanamke aliyefika huko.

Na wako wanaoingia kwa mapenzi. Dick Hoyt alikuwa na mwana, Rick, ambaye tangu kuzaliwa hakuweza kutembea wala kusema, akawa anazungumza kwa msaada wa kompyuta. Mwaka wa 1977 walishiriki mbio pamoja, baba akikisukuma kiti. Walipofika nyumbani Rick akamwambia babake kwamba wanapokimbia hajihisi kuwa mlemavu. Basi! Baba mzazi atafanya nini tena akishaambiwa hivyo? Alipotakiwa kushiriki triathloni, Dick hakujua kuogelea na hakuwa amepanda baiskeli tangu utotoni. Akajifunza. Majini alimvuta mwanawe ndani ya mashua ndogo kwa kamba aliyojifunga mwilini, barabarani akambeba kwenye kiti cha mbele ya baiskeli, kisha akamsukuma mbioni. Mwaka wa 1989 walimaliza lile la Hawaii. Dick alifariki mwaka wa 2021 na Rick akamfuata mwaka wa 2023.

Ukimtazama Hoyt vizuri utaona jambo ambalo kwangu ndilo kiini cha mchezo huu. Triathloni haikuruhusu ujifiche ndani ya kile unachokiweza. Mkimbiaji hodari akikimbia tu, ni nani atajua kwamba anaogopa maji? Muogeleaji akikaa kwenye kidimbwi chake, ni nani atajua magoti yake ni ya karatasi? Lakini hapa kila mshiriki ana moja kati ya tatu inayomtisha, naye amelipa kiingilio ili aikabili mbele za watu. Wengi wakiulizwa kwa nini walianza, hueleza habari ya unene, au daktari, au rafiki aliyewashawishi. Mimi nadhani chini ya hayo yote kuna hili la kutaka kujifunza kitu ukubwani, kitu ambacho mtu alikwisha kujiambia kwamba hakimfai.

Nisije nikaupamba mno, mchezo huu una kasoro yake. Ni ghali. Baiskeli moja ya mashindano makubwa inaweza kuipita bei ya mashua yetu pamoja na mashini yake ya nguvu za farasi 15. Ndiyo maana kwa miaka mingi umekuwa mchezo wa watu wa ofisini, watu wa kukaa kwenye kiti mchana kutwa na kutafuta jasho jioni. Mbio zinataka viatu tu, na wakati mwingine hata viatu hazitaki, ndiyo sababu Kenya tukawa wafalme wa mbio.

Lakini msiseme kwamba zile mbili nyingine haziwezekani kwetu. Jason Dunford, Mkenya, aliweka rekodi ya Olimpiki katika raundi ya kwanza ya mita 100 mtindo wa kipepeo kule Beijing mwaka wa 2008, kisha akawa wa tano fainali. Chris Froome, aliyeshinda mashindano ya baiskeli ya Ufaransa mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka wa 1985 na kufundishwa na David Kinjah, Mkenya mwenzetu, pale Kikuyu. Kwa hivyo tunazo zote tatu, ila zimekaa katika watu mbalimbali. Barani kwetu Henri Schoeman wa Afrika Kusini alipata shaba ya triathloni mjini Rio mwaka wa 2016. Na Agosti 2022 shindano la nusu ya Mtu wa Chuma lilifanyika Rubavu, Rwanda, kwenye ziwa Kivu: kilomita 1.9 majini, 90 kwa baiskeli na 21.1 kwa miguu. Ziwa, si bahari wala kidimbwi cha hoteli. Hapo ndipo nilipojiuliza, kwani ziwa letu lina kasoro gani?

Sasa niwaambie yaliyonifanya nichague somo hili.

Baba yangu mdogo alikuwa mvuvi kwa miaka kumi na minane. Alijua upepo, alijua mahali mbuta hulala, aliweza kwenda Ringiti na kurudi bila kuangalia nyuma. Kuogelea hakujua. Wakati huo nilikuwa Darasa la Tano. Mashua yao ilipinduka alasiri, upepo ulipobadilika, si mbali na nchi kavu. Hawakuwa na majaketi ya kuokolea. Wawili walishikilia mtungi wa mafuta wakaokolewa. Yeye hakupata cha kushika.

Tangu siku hiyo Dani, yaani nyanya yetu, alipiga marufuku. Hakuna mjukuu wake kuingia majini kupita magoti. Chota maji, osha vyombo, toka. Wavulana walivunja sheria hiyo kama wavulana wavunjavyo sheria. Sisi wasichana tuliitii, na sidhani ni kwetu tu. Nilipowauliza wasichana 22 wa darasa langu, waliosema wanaweza kuogelea mita hamsini walikuwa watatu. Tunaishi katikati ya maji, shule tunaifikia kwa maji, hospitali kubwa ni kuvuka maji mpaka Mbita, na maji yenyewe hatuyawezi.

Mimi nilifundishwa na kaka yangu kwa siri, nikishikilia jerikeni tupu la lita 20 lililofungwa kifuniko vizuri. Kutotii wazee sikuungi mkono, mniwie radhi. Siku za mwanzo hakunifundisha hata kupiga miguu. Alinifundisha kulala chali na kunyamaza. Alisema anayezama hupigana na maji, naye akichoka kupigana ndipo huzama.

Mwalimu wa michezo alipokubali tufanye majaribio ya triathloni ndogo likizo ya Agosti, alitoa masharti: barua ya ruhusa yenye sahihi ya mzazi au mlezi, mashua ya walinzi wenye majaketi iwe kando yetu, tuogelee asubuhi kabla ya upepo, tufuate ukingo wala tusielekee katikati, na tuwe mbali na matete. Hilo la matete ni kwa sababu ya kichocho na wanyama. Konokono wanaobeba vijidudu vya kichocho hupenda maji ya kina kifupi yenye majani. Dawa ya prazikwanteli huua minyoo iliyokwisha kuingia mwilini, lakini haizuii mingine kuingia kesho. Kwa hivyo mahali pa kuogelea si popote tu.

Baba yangu yuko kazini Kisumu, hivyo barua ilibidi niipeleke kwa Dani. Nilimsomea yote, pamoja na kukiri kwamba ninajua kuogelea. Alinyamaza mpaka tukamaliza kula. Kisha akaniuliza, "Nyakwara, huo mchezo wenu, kwa nini unaanza na maji?"

Nilishukuru Mungu kwamba nilikuwa nimesoma. Nikamwambia, "Dani, ni kwa sababu mtu aliyechoka akiwa barabarani atakaa chini, lakini akichoka majini atakufa. Kwa hivyo wanayaweka maji mwanzo, mtu akiwa bado na nguvu zake zote."

Akasema, "Basi walioutunga walikuwa na wazee wenye akili." Akaweka kidole gumba.

Siku ya majaribio tulikuwa watano. Mita 200, kwenda na kurudi kati ya mashua mbili zilizotiwa nanga. Baiskeli zilikuwa mbili, zote zile nzito nyeusi tuziitazo black mamba, moja haina breki ya nyuma, kwa hivyo tulianza kwa zamu na kila mtu akapimiwa muda wake. Njia za kisiwa chetu si lami ya Mbita. Palipopandika tulipanda, palipokuwa na mawe tulisukuma. Kisha kilomita mbili za miguu kupitia gatini mpaka shuleni.

Majini sikuona shida, niliogelea polepole kama mtu anayetafuta shilingi iliyoanguka. Shida ilikuwa kushuka kwenye baiskeli. Vitabu vilisema miguu itakuwa mizito nami nikadhani ni maneno ya vitabu. Bwana wee! Nilipoanza kukimbia niliona kana kwamba nimeazima miguu ya mtu mwingine, tena mrefu kunishinda. Mapaja yamezoea kuzungusha pedali, sasa unayataka yabebe mwili, nayo yanakataa amri kwa dakika kadhaa. Nilikuwa wa nne kati ya watano. Wa tano pancha ilimsaidia kuwa wa tano, hilo nalikubali.

Dani alikuja. Alisimama juu ufuoni wakati wote wa kuogelea, kanga ameishika kwa mikono miwili, na zamu yangu ilipokwisha akaenda zake bila kusema neno. Jumamosi iliyofuata alimtuma mtoto wa mwisho wa baba mdogo, mwenye miaka tisa, kwetu asubuhi na mapema. Mkononi alikuwa na jerikeni tupu, limefungwa kifuniko, nalo limeoshwa likaoshwa mpaka halinuki mafuta. Kaka akaniangalia, nami nikamwangalia. Tukateremka naye majini, kaka upande wa kina, mimi upande wa nchi, na jambo la kwanza tukamfundisha kulala chali na kunyamaza.

Majaribio ya pili yatafanyika likizo ya Desemba, na safari hii tunataka wasichana wasipungue watano. Anayetaka kushiriki amwone mwalimu wa michezo kuchukua fomu ya ruhusa. Asiyejua kuogelea pia aje, tunafundisha Jumamosi saa moja asubuhi, mashua ikiwapo, isipokuwapo, hatuingii. Na mwenye baiskeli yenye breki zote mbili, tafadhali ajitokeze.